Mzee Mabruki na Milango ya Mwanawema

Mzee Mabruki aliujua mtaa wa Ghorofani kwa nje tu. Miaka kumi na miwili alikaa kwenye baraza zake, na ndani hakupata kuvuka kizingiti hata kimoja.

Ghorofani ni mtaa mkongwe wa Chake Chake. Nyumba zake ni za mawe na chokaa, orofa mbili mbili, zilijengwa na wenye karafuu zama za babu wa babu zetu. Wenyewe walishakwenda zao. Waliobaki ni vitukuu, na wapangaji, na wapangaji wa wapangaji. Kuta ni nene. Mvua ikinyesha, aliye ndani huambiwa na aliye nje. Vichochoro ni vyembamba. Wakikutana wanene wawili, mmoja hurudi alikotoka. Kila mlango una nakshi yake. Huu una mnyororo, ule una maua, mwingine una samaki wawili chini kabisa. Fundi aliyewachonga alijua mwenyewe kwa nini.

Milango hiyo Mabruki aliijua kwa sababu ya mkewe.

Bi Mwanawema alikuwa mwalikaji. Watu wa Ghorofani hawaendi harusini kwa kusikia. Sharti mwanamke atumwe nyumba hadi nyumba, aingie mpaka ndani, atoe salamu, aseme kwa mdomo wake: fulani anakuita. Usipoitwa hivyo huendi, hata kama sufuria za shughuli unaziona dirishani kwako na moshi wake unakuliza. Na nyumba ikirukwa haisahau. Zimo mbili pale zilirukana kwa harusi moja, hazikuzikana mpaka wajukuu walipooana.

Kwa hiyo mwalikaji si mtu wa kuokotwa. Mwanawema alijua aanze wapi na amalizie wapi. Alijua nani mkubwa, nani mgonjwa, nani asitajiwe jina la nani. Kusoma hakujua. Daftari lake lilikuwa kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Kiuyu, ana pengo la meno ya mbele, na akicheka hulifunika kwa kiganja.

Goti lake la kushoto lilipoanza kumsumbua, Mabruki alikuwa ameshaacha uchukuzi wa bandarini Mkoani. Mgongo ulishakataa magunia, akabaki kuchuuza samaki asubuhi. Akawa anampeleka. Mume mbele anapima ngazi, mke nyuma na mkono begani mwake. Wenzake walimcheka.

"Mabruki, siku hizi umekuwa mkoba wa mkeo!"

"Mkoba mzuri," alijibu. "Haunung'uniki."

Wakifika mlangoni, Mwanawema hupiga hodi akaingia, Mabruki akakaa barazani. Alisikia maneno mawili matatu ya mwanzo, kisha ngazi zikammeza mkewe. Nyumba nyingine hakukawia. Kwa Bi Asya, mlango wa samaki wawili, alikawia mno. Mabruki alikaa hapo chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu kwa juu kuvuka kichochoro, kutoka ukuta wa nyumba moja hadi ukuta wa nyumba ya pili. Kivuli chake kizuri. Alikaa mpaka miguu ikamfa ganzi.

Mkabala na hapo upo mlango mkubwa kuliko yote ya mtaa. Huo hawakuusimamia hata siku moja. Mwanawema akiufikia hujifunika uso kwa mtandio, akakaza mwendo na goti lake bovu.

"Hapa je?" Mabruki alipata kuuliza, mara moja.

"Twende zetu, bwana."

Mabruki hakuwa mtu wa maswali. Akajiambia wamekosana. Na yeye tokea siku hiyo akaununia ule mlango.

Mwanawema alifariki mwezi wa Rajabu. Homa ya siku tatu. Siku ya pili alimwita mumewe karibu.

"Bi Rahma nimemuahidi harusi ya mjukuu wake. Usikubali niitwe mwongo."

"Nitamwambia atafute mtu."

"Mtu gani? Nyumba nazijua mie." Akamtazama sana. "Na weye."

Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho. Ya mwisho yalikuwa ya kuomba maji. Lakini haya ndiyo yaliyobaki nyumbani.

Harusi ilipobaki wiki mbili, Mabruki alivaa kanzu akaenda kwa Bi Rahma. Alimkuta uani anapepeta mchele, na Ummkulthum, bibi harusi mwenyewe, pembeni na simu yake. Ummu alikuwa anaolewa na kijana wa Wawi, Suhaib.

"Nimekuja kwa ile kazi," alisema Mabruki.

"Kazi gani?"

"Ya kualika."

Ungo ukasimama. "Mabruki, toka dunia iumbwe umepata kumuona mwanamume anaalika wanawake?"

"Sijapata."

"Basi?"

"Basi nitakuwa wa mwanzo."

Ummu alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Bibi, si nilikwambia tutume kwenye grupu la WhatsApp? Dakika moja mtaa mzima ushapata."

"Anayeitwa kwa simu huitika kwa simu," Bi Rahma akamjibu. "Na pilau hilo watalila kwa simu?" Akamgeukia Mabruki. "Ndani utaingiaje?"

"Siingii. Nitasema mlangoni."

"Na maneno unayajua?"

"Ya mwanzo. Mengine alikuwa akiyasemea juu."

Bi Rahma alimwangalia mtu huyu mzima, mabega yake ya uchukuzi, kofia yake iliyofuliwa vibaya. Kukataa kulimshinda.

"Ada ya mwalikaji ni kanga. Nikupe kanga weye, utajifunga kichwani?"

"Nipe kikoi."

Akampa kikoi. Akamfundisha na maneno, pale pale, mara tatu, kama mwalimu wa chuo cha Kurani na mwanafunzi mzito: Bi Rahma anakusalimu. Anasema shughuli ni yako, yeye kasimama mlangoni tu. Alkhamisi hina, Ijumaa nikaha baada ya alasiri, Jumamosi maulidi.

"Na usimruke mtu," alisema. "Mabruki, kosa vyote, nyumba usiruke. Akirukwa mmoja, aibu haiwi yangu tu. Watasema Mwanawema alikwenda na mtaa kaburini."

Hilo la mwisho lilimwingia. Asubuhi yake alikaa mkekani na komwe za bao. Alifumba macho akaupita mtaa wote kichwani, mlango mmoja komwe moja. Akafumbua macho, akahesabu. Ishirini na saba. Akazitia mfuko wa kulia. Kila mlango utakaoitika, komwe yake ihamie mfuko wa kushoto.

Mlango wa kwanza ulikuwa ule wa mnyororo.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya mwanamke, juu.

"Mabruki."

"Leo una changu au una tasi?"

"Sina samaki."

"Basi unauza nini?"

"Siuzi. Naalika."

Kisha dirisha moja likafunguka, na la pili, na la nyumba ya jirani. "Jamani, njooni mumsikie mume wa Mwanawema anaalika!"

Mabruki aliuelekea ukuta, kama inavyompasa mtu mwenye haya, akayatoa maneno yote kwa pumzi moja.

"Rudia, Mzee, hatukusikia. Tulikuwa tukicheka."

Akarudia.

"Tumeitika! Mwambie Bi Rahma tumeitika." Kisha sauti ikashuka. "Mungu amrehemu mwenzio. Alikuwa akifika hapa anakaa ngazi ya tatu, anavua viatu. Anasema, nipumzisheni, huko juu mbali."

Mabruki hakulijua hilo. Alijua viatu, hakuijua ngazi ya tatu.

Ikawa vivyo hivyo mlango hadi mlango. Wanamcheka kwanza, wanaitika, halafu wanamtupia kitu kutoka dirishani. Hapa Mwanawema alikuwa akiomba maji ya mtungi, ya friji hayataki. Pale alimjua paka kwa jina. Nyumba ya maua walimwambia alikuwa akiwaimbia.

"Akiimba?"

"Sana tu! Kwani kwako haimbi?"

Miaka arobaini na moja ya ndoa. Mabruki akahamisha komwe, akaenda mbele.

Alifika kwa Bi Asya jua linaelekea magharibi. Bi Asya aliitika kutoka jikoni, na kelele za mafuta ya kukaangia. Akadhani mengine mgeni wake anayajua. Mabruki akageuka, akatazamana na ule mlango mkubwa. Haukuwa na komwe yake. Alisimama kidogo. Kisha akasema moyoni, alipokataa kuingia Mwanawema mie niingie kwa nani? Akavuta kofia chini, akapita.

Mfuko wa kulia ulipokwisha, alirudi kwa Bi Rahma akamwambia, "Wote wameitika." Usiku huo alilala usingizi mzito.

Jumanne, siku mbili kabla ya hina, Bi Rahma akamwita.

"Mabruki, umeniua."

"Nimefanya nini?"

"Asya hatakuja. Na safu yake yote, nyumba nne. Wamerudisha neno. Umemruka Bi Mardhiya."

"Bi Mardhiya n'nani?"

"Bi Mardhiya n'nani!" Bi Rahma alijipiga paja. "Mkubwa wa mtaa mzima! Mlango mkubwa, mkabala na Asya."

"Pale Mwanawema hakuwa akiingia."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Basi nenda kwa Asya sasa hivi. Na hayo macho yako yaache barazani."

Alikwenda. Njiani miguu yake aliihisi mizito kuliko siku za magunia. Mtu mmoja tu aliyekuwa akimuogopa duniani, na huyo ni maiti, na amemuaibisha.

Bi Asya alimfungulia kwa uso uliofungwa.

"Nimekosa," alisema Mabruki.

"Umekosa."

"Nilidhani wamekosana. Alikuwa akipita hapo anajifunika uso."

Bi Asya alimtazama. Uso ukaanza kulegea, ingawa hakutaka. "Chokaa, Mzee Mabruki! Ukuta ule unamwaga vumbi la chokaa tangu masika yale makubwa. Nani hajifuniki? Weye hujapigwa na vumbi miaka yote hiyo?"

"Nimepigwa."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani chuki."

Hapo Bi Asya akashindwa. Alicheka akiegemea mlango, mkono kwenye samaki wawili. "Mlango ule haufunguki. Ngazi yake ya ndani ilianguka masika hayo hayo. Bi Mardhiya yuko juu, na wa kwenda kwake hupitia kwangu." Akanyoosha kidole juu. "Hicho ulichokuwa ukikalia kivuli chake ulikidhania nini?"

"Chumba."

"Ni njia."

Mabruki akainua macho. Miaka kumi na miwili alikuwa akimsubiri mkewe huku, na mkewe anatembea juu ya kichwa chake kwenda nyumba ya pili.

"Nipeleke," alisema.

"Mwanamume, mpaka juu?"

"Nimemruka kwa chini. Nitamuomba radhi kwa chini?"

Bi Asya alifikiri. Kisha akatangulia ngazini akipiga ukelele, "Jisitirini! Jisitirini, mwanamume anapita!" Milango ya juu ikagongana, kanga zikavutwa, mtu akacheka nyuma ya pazia.

Ngazi zilikuwa za mawe, ndefu, zimelika katikati. Mabruki alizipanda na mkono ukutani. Alilifikiria lile goti la mkewe. Juu palinukia udi na vitunguu vya kukaanga. Ukumbi mrefu, madaka ya zamani ukutani, na ndani ya madaka vikombe na chaja za simu. Kisha wikio. Hatua sita tu. Upande wa kushoto dirisha dogo la mbao. Alichungulia. Chini aliiona baraza ya Bi Asya, na pale pahala pake, pamesuguliwa mpaka pakang'aa. Kutoka juu palionekana padogo.

"Shemeji," sauti ikasema ng'ambo, "umekuja na miguu au umekuja na udhuru?"

Bi Mardhiya alikuwa kitandani, kwenye samadari refu la mababu, yeye mdogo kama mto. Macho yalishaingia ukungu. Ulimi ulikuwa mzima.

"Shikamoo, Bi Mardhiya. Nimekuja na vyote viwili."

"Marahaba. Anza na udhuru."

Akamwambia. Uso uliofunikwa, chokaa, ugomvi usiokuwapo. Hakuficha kitu, wala hakurefusha. Bi Mardhiya alicheka mpaka Bi Asya akamshika asigaragare.

"Nikosane na Mwanawema! Aliyekuwa akinikata kucha! Akija kualika hukaa hapa saa nzima, nyumba nyingine anazipiga juu juu." Akafuta macho. "Na weye tulikujua. Kila akija husimama kwanza pale wikioni, akachungulia chini. Akifika hapa anasema, yupo. Hajaondoka."

Mabruki aliinamisha kichwa. Sauti ya Bi Mardhiya ikabadilika.

"Sasa nisikilize. Mie harusini siendi. Mwaka wa sita sijashuka. Pilau lake sina meno nalo. Lakini sharti niitwe. Asiyeitwa ni maiti, shemeji. Niliposikia umeupita mtaa mzima ukanivuka, nilijipapasa mkono nione kama una joto."

"Una joto, bibi."

"Nimeshajua. Haya, alika."

Mabruki akasimama sawasawa. Akayasema maneno, hakuyasema kwa pumzi moja safari hii. Bi Rahma anakusalimu. Shughuli ni yako, yeye kasimama mlangoni tu. Alkhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Bi Mardhiya aliyasikiliza yote kichwa kimeinama, kama mtu anayesomewa dua.

"Nimeitika," alisema. "Asya, umesikia? Mwambie na safu yako. Sisi tumeitwa."

"Nimesikia, mama."

Mzigo ukashuka mgongoni mwa Mabruki. Akaanza kuaga.

"Ngoja. Jumla ngapi?"

"Ishirini na saba. Na hii ishirini na nane."

"Haijatimia."

Akili ya Mabruki ikakimbia mtaa mzima, kichochoro kwa kichochoro. "Nani tena nimemruka?"

"Wewe."

"Mie mwalikaji."

"Na Mwanawema alikuwa nani? Akimaliza kwetu alikuwa akiniambia, imebaki nyumba moja, na hiyo ndiyo ngumu. Mwenyewe hajibu nimeitika. Anajibu tutaona."

Ni kweli. Kila alipomaliza mzunguko, Mwanawema alisimama mlangoni kwao kabla ya kuvua buibui, akasema, "Bwana, umealikwa harusi ya fulani." Mabruki alidhani mzaha. Alijibu tutaona, akabaki mkekani, na mkewe akamletea chakula kimefungwa kwenye mfuko. Harusi zote hizo.

"Nyumba yako sasa haina mwanamke," alisema Bi Mardhiya. Hakulisema kwa ukali. "Mwalikaji yeyote atakayekuja hataipigia hodi. Ataipita. Umelifikiri hilo?"

Hakuwa amelifikiri.

"Basi naialika mie. Kaa sawa." Bi Mardhiya alijiinua kwenye mito, akatengeneza kanga kichwani, na yale maneno akayatoa yote, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeyasikia miaka tisini. Salamu za Bi Rahma. Shughuli ni yako. Hina, nikaha, maulidi. Alipomaliza akamgeuzia uso.

"Tunangoja jibu, shemeji. Na hilo tutaona lako hatulitaki hapa."

"Nimeitika," alisema Mabruki.

Ijumaa alioga mapema. Alivaa kanzu na kikoi cha ada, akapanda mtaani peke yake. Wanawake walishajaa nyumba ya Bi Rahma mpaka ngazini. Safu ya Bi Asya ilikuja yote, na Bi Mardhiya alituma dua na chupa ya marashi. Mabruki alipita upande wa wanaume, akavua viatu, akatafuta nafasi mkekani kwenye sinia la watu wanne.

"Eh! Mwalikaji!" mmoja akamwita kwa sauti, Othman wa dukani. "Mwezi wa sita nami namuoza binti yangu. Nikutume?"

"Othman," alisema Mabruki, akakunja mkono wa kanzu na kunawa, "leo usinitajie kazi. Leo nimealikwa."